Kijana wa miaka 16 amebadilika: ni kiburi au ni mfadhaiko?

SWALI: Hujambo daktari. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Bahati, Nakuru, na huuza viazi soko la Wakulima. Kifungua mimba wangu ana miaka 16, yuko kidato cha tatu katika shule ya bweni. Tangu muhula uliopita si yule ninayemjua. Alikuwa mchezaji wa timu ya shule, sasa hataki hata kusikia habari za mpira. Amerudishwa nyumbani mara kadhaa: mara tumbo linamuuma, mara amelala darasani, na mara ya mwisho alimjibu mwalimu vibaya. Alama zimeshuka kutoka B hadi D. Nyumbani anajifungia, usiku halali, ukimuuliza anakwambia “niko tu”. Kliniki walimpima malaria na taifodi, wakampa dawa ya vidonda vya tumbo. Baba yake anasema ni kiburi, anahitaji kunyooshwa. Kanisani wamemwombea. Juzi nikipanga vitabu vyake nikakuta ameandika nyuma ya daftari: “Hawa wangekuwa na pesa kama si mimi.” Naogopa kumuuliza nisije nikamtia wazo baya. Je, hii ni depresheni? Nimpeleke wapi? Nasikia dawa zake humfanya mtu kuwa zezeta. Shule zinafunguliwa baada ya wiki mbili, nimrudishe?

JIBU: Mama, nianze na lile daftari. Mengine yanaweza kungoja siku mbili tatu, hilo lisilale.

Kijana akiandika kwamba nyumba ingekuwa na pesa kama si yeye, halalamikii pesa. Amejipigia hesabu akajiona ni hasara. Katika kazi hii ya afya ya akili, wazo la mtu kujiona mzigo kwa watu anaowapenda hunitia wasiwasi kuliko machozi, kwa sababu likikomaa humfanya aone kuondoka kwake kama msaada kwao. Huenda mwanao hajafika huko. Huenda aliandika usiku mmoja wa uchovu, akafunga daftari, akalala. Lakini hatuwezi kulijua hilo kwa kukisia, na anayelijua ni yeye peke yake. Muulize leo.

Unaogopa kumtia wazo. Hofu hiyo wanayo wazazi wengi, wanayo walimu, na hata baadhi yetu tunaofanya kazi hospitalini. Jambo hili limechunguzwa mara nyingi, na haijaonekana kwamba kumuuliza mtu kama anafikiria kujiua humpandikizia wazo hilo. Aliye nalo tayari hupata nafuu kwamba hatimaye kuna mtu wa kumwambia. Asiye nalo atashangaa, atasema hapana, na atajua kwamba kwao jambo kama hilo linaweza kutajwa bila nyumba kuanguka.

Mtafute mkiwa wawili, wadogo zake wakiwa mbali, na msikae mkitazamana. Vijana wa kiume hufunguka zaidi mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa kwingine: mkichagua viazi, mkitembea kwenda dukani, mkingoja matatu. Usianze na daftari kana kwamba umemkamata. Anza na unayoyaona: “Naona hulali. Naona umeacha mpira. Sina hasira na wewe, nina wasiwasi.” Kisha nyamaza, hata kimya kikiwa kirefu. Akisema “niko tu”, usiyaachie hapo wala usimkaripie. Mwambie: “Mambo yakimlemea mtu hivi, kuna wakati hutamani asingekuwepo. Wewe umewahi kuhisi hivyo? Umewahi kufikiria kujiua?” Litamke neno lenyewe. Ukizunguka na “mawazo mabaya” au “kufanya ujinga”, atasikia kwamba hutaki jibu la kweli, naye atakupa lile unalolitaka.

Akisema ndiyo, usipige mayowe, usimtajie dhambi, na usimwambie awafikirie wadogo zake. Tayari anajiona ndiye anayewaumiza. Msikilize amalize. Halafu uliza wazo hilo humjia mara ngapi, kama ameshafikiria atafanyaje na lini, na kama aliwahi kujaribu. Akiwa na mpango, au akiwa amewahi kujaribu, asiachwe peke yake hata usiku, na siku hiyohiyo mwende kitengo cha dharura cha hospitali. Usimwahidi kwamba itabaki siri yenu. Mwambie: “Hili mimi na wewe hatutaliweza peke yetu. Tutatafuta mtu wa kutusaidia, na nitakuwa nawe muda wote.”

Jibu lake likiwa lolote, hata likiwa hapana, leo ondoa vitu vya hatari karibu naye. Nyumba nyingi za Bahati zina dawa ya kunyunyizia viazi, dawa ya kuogeshea ng’ombe na dawa ya panya, na mara nyingi zimekaa chini ya kitanda au jikoni. Ziwekwe mahali pa kufungwa kwa kufuli, na ufunguo akae nao mtu mzima. Bora zaidi, zitoke kwenye boma kabisa kwa sasa. Tembe zilizobaki nyumbani, pamoja na zile za presha za nyanya kama mnaishi naye, nazo zifungiwe. Si kwamba kijana aliyeamua hawezi kutafuta njia nyingine. Ni kwamba msukumo wa kujiua hupanda na kushuka, mara nyingi kwa muda mfupi sana, na kilicho mbali wakati huo hakimdhuru. Pia weka nambari hizi za msaada kwenye simu yako na yake: 1199 ya Kenya Red Cross na 116 ya Childline Kenya. Zote ni za bure.

Kuna hofu nyingine ambayo hukuitaja lakini nyumba nyingi zinayo, ya polisi. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa, na kuna familia zilizomficha mtoto badala ya kumkimbiza hospitali. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Kwa hivyo ukimfikisha hospitalini, sema ukweli wote. Usibuni hadithi ya kula kitu kibovu.

Sasa kuhusu hayo maneno ya pesa, naomba unisikilize bila kujilaumu. Nyumba zinazoishi kwa jasho la soko huwa na usemi wake: “Mimi naamka saa tisa usiku kwa ajili ya karo yenu.” “Nimeuza ng’ombe ukasome.” “Usiniangushe.” Mtoto mwenye afya husikia humo upendo na hamasa. Mtoto aliyeshikwa na mfadhaiko husikia deni, na kila akipata D huona deni limekua. Maneno yako hayakuuleta ugonjwa huu. Ila kwa sasa yanaulisha. Kwa miezi michache ijayo mambo ya karo, arifa za shule na bei ya gunia yazungumzwe wakati hayupo. Na mwambie wazi, kwa maneno machache, bila mahubiri: “Sijutii shilingi hata moja niliyotumia kwako. Hata usiporudi kwenye B, wewe ni mwanangu.” Huenda atainua mabega tu na kuondoka. Usihesabu hiyo kuwa kukataa. Utamwambia tena wiki ijayo.

Je, ni mfadhaiko, au depresheni kama ulivyoiita? Kwa barua siwezi kutoa hukumu ya kitabibu. Lakini uliyoyaeleza yanafanana nao kiasi kwamba mimi ningeuchukulia kuwa upo hadi mtaalamu amwone na kuukana. Vigezo tunavyotumia vinataka mabadiliko yaliyodumu wiki 2 au zaidi, karibu kila siku, na yaliyovuruga maisha ya mtu. Kwanza lazima kuwe na huzuni nzito au kupoteza raha ya mambo aliyoyapenda. Juu ya hayo tunaangalia usingizi, hamu ya chakula na uzito, nguvu za mwili, umakini, kujiona hafai au kujilaumu, mwili kuwa mzito au kutotulia, na mawazo ya kifo. Dalili 5 kati ya hizo 9 zinatosha. Hesabu za barua yako: mpira, usingizi, alama, daftari. Na hasira.

Hasira ndiyo inayowapoteza wazazi na walimu. Kwa mtu mzima tunatarajia kumwona amejikunyata, macho mekundu. Kwa kijana, vigezo vyenyewe vinakubali kwamba kukereka na ukali vinaweza kuchukua nafasi ya huzuni. Wavulana hasa hufundishwa tangu wadogo kwamba mwanamume halii, basi kinachobaki ni kujibu vibaya, kupiga mlango, kugombana. Baada ya kubalehe wasichana hugunduliwa na mfadhaiko karibu mara 2 ya wavulana, lakini wanaokufa kwa kujiua ni wavulana zaidi. Nina hakika sehemu ya pengo hilo ni hawa wavulana tunaowaita wakorofi, tunawapa adhabu, na hakuna anayewauliza kitu.

Utatofautishaje na kiburi cha kawaida cha miaka 16, ambacho pia kipo? Kiburi huchagua. Kijana mkaidi atakununia wewe, lakini akitoka nje utamsikia akicheka na wenzake. Atakataa kuosha vyombo, lakini mechi ya saa kumi hataikosa. Mfadhaiko hauchagui. Unamnyima raha kwa mwalimu asiyempenda na kwa mpira anaoupenda vilevile. Mtoto wako ameacha kitu ambacho hakuna aliyemlazimisha kukipenda, na mimi naona hiyo ndiyo dalili kubwa kuliko alama zote za D.

Na tumbo? Maumivu hayo si uongo wala si kisingizio. Mwili wa kijana mwenye mfadhaiko huuma kwelikweli: tumbo, kichwa, kifua, mgongo. Ndiyo maana wengi huzungushwa kliniki moja hadi nyingine wakipimwa malaria na taifodi. (Kile kipimo cha damu cha taifodi kinachotumika sana kwenye kliniki zetu ndogo huonyesha ugonjwa mara nyingi mahali ambapo haupo; ukiambiwa mtoto ana taifodi kwa mara ya tatu mwaka huu, uliza maswali.) Dawa ya vidonda vya tumbo haitamdhuru sana, lakini itawachelewesha.

Kuna mambo yanayofanana na mfadhaiko au yanayoandamana nao, na mhudumu mzuri atayachunguza. Upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo huchosha mtu na kumfanya mzito. Virusi vya Ukimwi vipimwe bila aibu. Bangi huingia kwenye shule zetu nyingi, na kijana anaweza kuitumia apate usingizi kisha ikamzidishia giza. Kamari ya simu pia iulizwe. Aulizwe, akiwa peke yake, kama kuna anayempiga, anayemnyang’anya vitu, au aliyemgusa kwa njia isiyofaa, kwa sababu wavulana pia hudhulumiwa kingono na huwa wa mwisho kusema. Aulizwe pia kama amewahi kuwa na siku ambazo alikuwa na nguvu kupita kiasi, halali wala hachoki, anaongea mbiombio na kujiona anaweza kila kitu. Jibu hilo hubadilisha matibabu kabisa. Na wewe na mzee wako mjiulize kama kuna mjomba, shangazi, au mmoja wenu aliyewahi kupitia hali kama hii. Mtoto ambaye mzazi au ndugu yake wa tumbo moja aliugua ana hatari mara 2 hadi 3 zaidi. Hilo si laana ya ukoo, na mganga hataliondoa. Ni ugonjwa unaofuata damu kama presha inavyofuata damu.

Usingizi nautaja peke yake. Kijana wa umri huu anahitaji saa 8 hadi 10 kwa usiku, na balehe yenyewe husogeza saa ya mwili wake, usingizi ukachelewa kuja. Halafu katika shule nyingi za bweni kengele inalia saa kumi au kumi na moja alfajiri, na prepu inaisha saa nne usiku. Mtoto anayelala darasani pale hajawa mvivu. Kwa mwenye mfadhaiko, kunyimwa usingizi kunaongeza ugonjwa. Likizo hii mwache alale, ila simu isilale chumbani kwake, na aamke saa ileile kila siku, hata kama ni saa mbili asubuhi.

Nimpeleke wapi, umeuliza. Usisubiri upate daktari bingwa wa akili. Ni wachache nchini, na hatua ya kwanza haimhitaji. Kama hakuna dharura, anza kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Bahati, na useme waziwazi: “Nimemleta kwa ajili ya akili, nadhani ana mfadhaiko.” Ukisema tumbo, watatibu tumbo. Wakikosa mtu wa kumhudumia, omba barua ya rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nakuru, ile ambayo wengi bado wanaiita PGH, na uulize dirishani siku za kliniki ya akili. Walio upande wa Naivasha na Gilgil wana hospitali ya Gilgil, ambayo imehudumia wagonjwa wa akili kwa miaka mingi. Wasomaji wa Kisumu wanaweza kwenda hospitali ya Jaramogi, wa Kakamega hospitali ya kaunti, na wa Eldoret hospitali ya Moi. Beba cheti chake cha kuzaliwa, kitambulisho chako, na karatasi za vipimo vilivyotangulia, na hakikisha ameandikishwa kama mtegemezi wako katika SHA, bima ya afya ya serikali. Andika pia kwenye karatasi mabadiliko uliyoyaona na lini yalianza, kwa sababu ukifika mbele ya daktari mwenye foleni ndefu utasahau nusu.

Huko ndani atapewa maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, na kila jibu lina alama. Hayana mtego. Mhudumu anapaswa kuzungumza nawe, kisha kuzungumza naye wewe ukiwa nje. Usichukizwe na kutolewa. Kuna mambo ambayo mtoto hawezi kuyasema mbele ya mama, hata mama mzuri kiasi gani. Mhudumu akimalizana nawe kwa dakika tano na kukupa pakiti ya dawa bila kuzungumza na kijana, tafuta mwingine. Una haki hiyo.

Matibabu yenyewe, kwa mfadhaiko mdogo na wa wastani, huanza na mazungumzo. Si mawaidha. Kuna tiba ya kuzungumza inayomfundisha kijana kuyatambua mawazo yanayomwonea, kama lile la daftari, kuyapima kama ni kweli, na kurudi kidogokidogo kwenye shughuli zinazompa uhai. Kipande hiki cha mwisho unaweza kukianza nyumbani wiki hii. Usimwambie arudi kwenye timu. Mwombe mtembee nusu saa jioni, au akusaidie asubuhi moja sokoni, au apige danadana na mdogo wake kwa dakika kumi tu. Asingoje ajisikie ndipo afanye. Katika ugonjwa huu kutenda hutangulia na hamu hufuata nyuma. Akishindwa leo, mpunguzie kesho.

Na asikwambie mtu kwamba mambo haya ni ya wazungu. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti wa wanafunzi 413 wa sekondari wa Nairobi na Kiambu waliokuwa na dalili za mfadhaiko au wasiwasi. Nusu yao walipewa vikao 4 vya kikundi, vya saa moja kwa wiki, viitwavyo Shamiri, vilivyoongozwa na vijana Wakenya waliomaliza sekondari na kupewa mafunzo mafupi. Walizungumzia uwezo wa mtu kubadilika, shukrani, na mambo wanayoyathamini. Nusu nyingine walifundishwa mbinu za kusoma. Wa Shamiri walipata nafuu zaidi, na miezi 7 baadaye tofauti ilikuwa bado ipo. Natamani kila shule ya bweni ya Bonde la Ufa iwe na kitu kama hicho kabla ya kujenga geti jipya.

Kuhusu dawa, hofu yako ina chimbuko. Wengi tumewaona wagonjwa waliodungwa dawa nzito za kutuliza, wakitembea kama wamelala. Hizo ni dawa za magonjwa mengine. Kwa kijana mwenye mfadhaiko mkali, au ambaye mazungumzo peke yake hayakumsaidia, dawa ya kwanza ni fluoksetini, ambayo kwa kawaida huanzwa kwa kiasi kidogo, mara nyingi miligramu 10, asubuhi. Haileweshi wala haimfanyi mtu mtumwa wake, ingawa haiachwi ghafla. Mwanzoni inaweza kuleta kichefuchefu, kuumwa kichwa au kutotulia. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki kadhaa, kwa kawaida 4 hadi 6, na hapa ndipo familia nyingi hukata tamaa wiki ya pili na kuitupa. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2004, wa vijana 439 wa miaka 12 hadi 17, ulionyesha kwamba baada ya wiki 12, vijana 71 kati ya 100 waliopewa dawa hiyo pamoja na tiba ya mazungumzo walikuwa wamepata nafuu, ikilinganishwa na 35 kati ya 100 waliopewa tembe tupu zisizo na dawa ndani.

Mambo mawili uyashike. Katika wiki za kwanza za dawa za aina hii, vijana wachache hupata ongezeko la mawazo ya kujiua. Marekani iliamuru onyo hilo liandikwe kwenye dawa tangu 2004. Haimaanishi msiitumie. Inamaanisha aonwe na mhudumu kila wiki mwanzoni, dawa uitoe wewe mwenyewe siku kwa siku, na akizidi kutotulia au kubadilika ghafla umrudishe mara moja. La pili: ukipewa amitriptilini kwa ajili ya mfadhaiko wa kijana, uliza kwa nini. Ni dawa ya zamani, rahisi na iko kila mahali, lakini Shirika la Afya Duniani halipendekezi vijana wa umri huu watibiwe mfadhaiko kwa hiyo, na tembe zake zikinywewa kupita kiasi ni hatari kwa moyo.

Akipona, dawa huendelea miezi 6 hadi 12 zaidi. Mfadhaiko usiotibiwa kwa vijana huweza kudumu miezi 7 hadi 9, na una tabia ya kurudi. Hiyo ndiyo sababu siridhiki nikisikia “ataacha tu akikua”. Mara nyingi mfadhaiko huisha, lakini miezi 9 ya kidato cha tatu ni mingi, na wengine hawafiki mwisho wake.

Kwa baba yake, usiende na neno depresheni. Atabisha, nanyi mtagombana juu ya neno hilo huku mtoto akisikiliza ukutani. Mpe ile karatasi ya mabadiliko na daftari lenyewe, asome mkiwa wawili tu. Wanaume wengi wanaosema “anyooshwe” huwa wanaogopa kuliko wanavyoonyesha, na fimbo ndiyo chombo pekee walichopewa na baba zao. Mpe kazi nyingine: yeye ndiye afunge zile dawa za shamba, yeye ndiye awapeleke hospitali, yeye ndiye amwite kijana wakarekebishe ua bila kumhoji. Na viboko visimame kuanzia leo. Mtoto anayejiona hana thamani akipigwa, huona amethibitishiwa.

Kanisani endeleeni kuomba. Imani na watu wanaokuja kukutembelea ni msaada wa kweli. Mweleze mchungaji kwamba mnaenda hospitali pia. Ninachokataa ni mtoto huyu kulazimishwa kufunga asile wakati tayari ni mgonjwa, kuambiwa mbele za watu kwamba ana pepo, au kuachishwa dawa ili kuonyesha imani. Mchungaji mwema hataomba lolote kati ya hayo.

Umeuliza kama umrudishe shule. Akiwa na mawazo ya kujiua, jibu ni la, asirudi bweni hadi mtaalamu aseme yuko salama, kwa sababu usiku wa bwenini hakuna wa kumwangalia. Akiwa hana, na matibabu yameanza, kukaa nyumbani muhula mzima peke yake mnapokuwa sokoni kunaweza kumdhuru zaidi kuliko shule. Fikirieni shule ya kutwa iliyo karibu kwa muda. Akirudi bweni, nenda naye, na kabla ya hapo kaa na mwalimu mkuu na mwalimu wa ushauri nasaha ukiwa na barua ya daktari. Si lazima waambiwe kila kitu, na daftari lisitajwe kwa walimu wote. Lakini wajue ni mgonjwa anayetibiwa, asiadhibiwe kwa kusinzia, apunguziwe prepu ya usiku kwa muda, na kuwe na mtu mzima mmoja, aliyemchagua yeye mwenyewe, ambaye anaweza kumwendea saa yoyote. Dawa zikae kwa nesi wa shule, zisikae sandukuni. Kesi ya kumjibu mwalimu vibaya imalizwe kwa kuomba msamaha, na iishie hapo. Na siku za kliniki ziandikwe kwenye barua ya ruhusa tangu mwanzo wa muhula, asije akazuiwa getini kwa sababu kuna mtihani.